Kibali cha Uzio wa Makazi: Mstari Huja Kabla ya Tofali

Zamani, katika pwani yetu ya Tanga, uzio wa nyumba ulikuwa wa makuti yaliyosukwa, wa mabua, au wa michongoma na minyaa iliyopandwa kwa mkono. Ua wa namna hiyo uliwasitiri watu wa nyumbani na kuzuia mbuzi wasiingie bustanini. Na ikionekana umeingia njiani, ulisogezwa kwa kazi ya asubuhi moja. Leo uzio ni msingi wa mawe, matofali ya saruji, nguzo zenye nondo na geti la chuma. Hausogezwi kwa asubuhi moja, wala gharama yake hairudi ukivunjwa. Kosa la hatua moja, ambalo zamani lilisahihishwa kwa maneno mema ya majirani, siku hizi laweza kumfikisha mtu mbele ya baraza la ardhi na kumpotezea akiba ya miaka.

Wakazi wengi wa Kata ya Usagara na kata jirani wanafahamu kwamba nyumba haijengwi bila kibali cha Halmashauri. Lakini wapo wanaodhani kwamba uzio haumo katika sharti hilo, kwa kuwa ni ukuta tu, hauna paa wala mtu hakai ndani yake. Makala haya yanaeleza kwa nini uzio nao unahitaji kibali, namna ya kukiomba, na mambo ambayo mwenye kiwanja anapaswa kuyahakikisha kabla fundi hajachimba msingi.

Kwa nini uzio unahitaji kibali

Udhibiti wa ujenzi mijini unatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982 na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake. Sheria ya Mipango Miji inapozungumzia uendelezaji wa ardhi haikusudii nyumba peke yake. Inagusa kazi za ujenzi zinazofanyika juu ya ardhi na chini yake, na mabadiliko ya matumizi ya ardhi hiyo. Ukuta wenye msingi ni ujenzi, hata kama hauna chumba.

Wengi hudhani kwamba mtaalamu anapopitia maombi ya uzio huutazama ukuta wenyewe: urefu wake, nguzo zake na geti lake. Hayo hutazamwa, lakini la kwanza ni mstari ambao ukuta huo utasimama juu yake. Je, mstari huo umo ndani ya kiwanja cha mwombaji? Umeacha njia ya watu wa nyuma? Umekata mtaro wa maji ya mvua? Umeingia katika hifadhi ya barabara? Tofali bovu laweza kubadilishwa. Mstari uliokosewa huwaumiza watu wengi, na kuurekebisha ni kubomoa.

Mfano wa jambo hili tunao mjini kwetu. Barabara za Ngamiani, zile zinazojulikana kwa namba, zimepangwa kwa mistari. Mgeni akielekezwa barabara fulani kwa namba, huifikia bila kupotea. Manufaa hayo yanadumu kwa sababu kila mwenye nyumba ameishia pale kiwanja chake kinapoishia. Mji ambao kila mmoja anausogeza ukuta wake nusu hatua kuelekea njiani hufika siku ukakuta njia zimekwisha, wala hakuna hata mmoja anayeweza kusema ni yeye aliyezimaliza.

Hatua ya kwanza: kuijua mipaka

Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, mwenye kiwanja kilichopimwa azitafute alama za mipaka yake, zile ambazo wengi wetu tunaziita bikoni. Kila moja ina namba, na namba hizo zimo katika ramani ya upimaji ya kiwanja. Ramani ilinganishwe na kilichopo ardhini, kona kwa kona. Kuzihesabu alama kwa macho hakutoshi, kwani yawezekana mojawapo imefukiwa na mchanga, imeng'olewa na trekta, au imehamishwa na mtu.

Alama isipoonekana, isikisiwe kwa kamba ya fundi. Kazi ya kufufua mipaka hufanywa na mpima ardhi mwenye sifa kwa kutumia kumbukumbu za upimaji wa awali. Ni vema majirani wote wanaopakana na kiwanja hicho waalikwe washuhudie, pamoja na kiongozi wa mtaa. Jirani aliyeiona alama ikirudishwa mahali pake hatakuwa na sababu ya kuitilia shaka baadaye. Ikumbukwe pia kwamba kung'oa au kuhamisha alama ya upimaji ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji wa Ardhi, Sura ya 324. Fundi anayeichimbua bikoni kwa sababu inazuia msingi wake anamwingiza mwenye nyumba katika kosa la jinai pasipo kujua.

Kwa wakazi wa maeneo ambayo hayajapimwa, hatua hii ina uzito zaidi. Wao wafike kwanza katika ofisi ya mipango miji waulize kama eneo lao lina mchoro wa mipango miji au wa urasimishaji wa makazi. Mchoro huo ndio unaoonyesha barabara na njia zitapita wapi, ingawa leo pale pana uwanja mtupu au mwembe. Mtu anayejenga uzio wa matofali kabla ya kuuona mchoro huo huenda akawa anajenga katikati ya barabara ya kesho.

Nyaraka za kuambatisha

Maombi ya kibali huwasilishwa Halmashauri kwa fomu maalumu. Huduma hii sasa hupatikana pia kupitia mfumo wa kielektroniki wa TAUSI unaotumiwa na mamlaka za serikali za mitaa. Asiye na simu janja au asiyezoea mitandao aende na nyaraka zake katika ofisi ya mipango miji, au aanzie kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, aelekezwe. Kwa kawaida mwombaji ajiandae kuwa na haya:

Kwanza, uthibitisho wa umiliki: nakala ya hati miliki au barua ya toleo. Kwa asiyekuwa na hati, nyaraka za manunuzi na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa ndizo mahali pa kuanzia.

Pili, ramani ya kiwanja yenye namba ya kitalu, namba ya kiwanja na namba za alama za mipaka.

Tatu, michoro ya uzio. Mchoro mmoja uonyeshe kiwanja kizima, nyumba iliyopo, mstari wa uzio, mahali pa geti, barabara au njia inayopakana nacho, mtaro, na shimo la majitaka. Mwingine uonyeshe sura ya uzio kwa mbele pamoja na urefu wake. Wa tatu uonyeshe mkato wa msingi na ukuta. Waya wa miiba, vipande vya chupa au waya wa umeme vikikusudiwa kuwekwa juu ya ukuta, navyo vionyeshwe mchoroni, visije vikaongezwa kimyakimya baada ya kibali kutoka.

Nne, stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi. Hapa ndipo waombaji wengi huchanganya mambo. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kidogokidogo kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, ni kodi ya jengo. Kodi ya pango la ardhi ni malipo ya mwaka ya kiwanja chenyewe. Kulipa moja hakumwondolei mtu deni la nyingine.

Tano, kitambulisho cha mwombaji. Kiwanja kikiwa cha watu wawili au zaidi, wamiliki wote waonyeshe ridhaa yao. Nyumba ikiwa ya urithi, kama zilivyo nyingi za hapa mjini, mwombaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au awe na idhini yake. Ndugu mmoja kuzungusha ukuta kwenye nyumba ya marehemu baba kabla mirathi haijagawanywa ni mwanzo wa uhasama, na kibali kilichoombwa kwa jina lisilostahili hakitamkinga.

Maombi yanavyoshughulikiwa

Maombi yakishapokelewa, mwombaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontroo namba, na hulipa ada benki au kwa simu. Malipo ya Serikali hupitia namba hiyo, na kila malipo yana stakabadhi. Mtu yeyote anayeomba fedha mkononi kwa ahadi ya kuharakisha kibali hatoi huduma ya Halmashauri, na mwananchi ana haki ya kumkataa na kumripoti.

Baada ya hapo wataalamu hufanya kazi yao. Afisa mipango miji huangalia kama uzio unalingana na mchoro wa eneo. Mhandisi huangalia uimara wake, hasa ukuta mrefu au unaojengwa kwenye mteremko. Wa ardhi hulinganisha umiliki na mipaka, na wa afya huangalia majitaka na mifereji. Kiwanja hutembelewa, na ni vema mwenye kiwanja awepo siku hiyo, au amwache mtu anayeifahamu mipaka, kwani maswali mengi humalizika pale pale penye kona ya kiwanja.

Kibali kikitolewa huwa na masharti yake. Kisomwe chote, na fundi asomewe. Urefu ulioidhinishwa, mahali pa geti na muda wa kutekeleza kazi ni sehemu ya ruhusa hiyo; kuvibadilisha bila kurudi ofisini ni kama kujenga bila kibali. Nakala ibaki mahali pa ujenzi wakati wote wa kazi, ili mkaguzi au kiongozi wa mtaa akifika aonyeshwe.

Jambo moja lisichanganywe. Kibali cha ujenzi si hati ya umiliki. Kinaruhusu kujenga kwa kuzingatia nyaraka zilizowasilishwa. Nyaraka hizo zikithibitika kuwa si za kweli, au mstari uliojengwa ukawa tofauti na uliochorwa, kibali hakiigeuzi ardhi ya jirani kuwa ya mwombaji.

Njia, maji na barabara

Matatizo ya uzio hayaonekani siku ukuta unapokamilika. Huonekana siku ya dharura. Njia iliyobaki upana wa mtu mmoja humtosha aendaye sokoni, lakini haiwatoshi watu wanne waliobeba jeneza, wala wanaomtoa mama mjamzito usiku kwa machela. Gari la Zimamoto haliwezi kukunja kona iliyobanwa na kuta mbili. Hata gari la kunyonya majitaka litasimama mbali, na shimo litafurika. Mwenye kujenga asijiulize tu kama yeye atapita. Ajiulize kama nyumba ya nyuma yake itafikiwa siku ya shida.

Kuhusu maji, tunaishi katika mji wa masika na vuli. Uzio wa makuti ulipitisha maji. Ukuta wa matofali huyazuia na kuyageuza. Ukuta uliojengwa ukikatiza mkondo wa mvua utayapeleka maji kwa jirani, au utajaa mpaka uanguke wenyewe. Michoro ionyeshe matundu ya kupitishia maji chini ya ukuta, na msingi usikae juu ya mtaro wala ndani yake. Anayehitaji kuvuka mtaro ili gari lifike getini aombe idhini kwa msimamizi wa barabara husika ili aelekezwe aina ya kalavati. Kufukia mtaro kwa kifusi hakukubaliki.

Kuhusu barabara, msimamizi hutegemea aina ya barabara. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Kwa barabara kuu na za mikoa, hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, kisha ikaongezwa kuwa mita 30 kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009. Ndiyo maana kando ya barabara hizo huonekana alama za X za rangi mbili. Nyekundu huwekwa kwa aliyeingia ndani ya hifadhi, naye hatarajii fidia. Kijani huwekwa kwa yule ambaye hifadhi ilimkuta mahali pake, naye anastahili fidia akitakiwa kuondoka. Kwa barabara za mitaa, upana husomwa katika mchoro wa mipango miji wa eneo. Geti nalo lifungukie ndani, lisiufagie upande wa barabara kila linapofunguliwa.

Wenzetu waliopakana na bahari au mito wana sharti la ziada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kwenye kingo za mto. Hata kwa kiwanja kinachoonekana kufika majini, uzio hauwezi kufuata maji bila kuuliza.

Mwisho, nguzo za TANESCO, mita na mabomba ya Tanga UWASA yasifungiwe ndani ya ukuta kwa namna ambayo mafundi wa mamlaka hizo hawawezi kuyafikia. Bomba linalopita kwenye mstari wa msingi lielezwe mapema kwa mamlaka husika, kabla sururu halijalipasua na kuuacha mtaa mzima bila maji.

Uzio na jirani

Sheria haimtaki mtu aombe ruhusa kwa jirani ili ajenge ndani ya kiwanja chake. Hata hivyo, busara inamtaka amwambie. Msingi wa ukuta ni mpana kuliko ukuta wenyewe, kwa hiyo ukuta unaoonekana kusimama juu ya mpaka huwa umekwishaingia kwa jirani chini ya ardhi. Anayejenga peke yake aurudishe ukuta ndani ili msingi wote ukae upande wake. Wanaotaka kujenga ukuta mmoja wa pamoja waandikiane: nani analipa nini, nani anaukarabati, na itakuwaje mmoja akiuza. Maandishi hayo yashuhudiwe na serikali ya mtaa. Undugu wa leo ni mwema, lakini watakaousoma ukuta huo miaka 20 ijayo ni watoto na wanunuzi ambao hawakuwepo.

Mgogoro ukitokea, kazi isimame kwanza, kisha pande mbili zikutanishwe mbele ya Mwenyekiti wa Mtaa zikiwa na ramani mkononi. Usipomalizika, upo ngazi ya Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Suluhu isipopatikana ndani ya siku 30, shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri la namna hiyo huchukua muda na fedha. Gharama ya kumleta mpima ardhi siku ya kwanza ni ndogo ukilinganisha.

Aliyekwisha kujenga bila kibali

Aliyejenga uzio bila kibali asingoje notisi. Halmashauri ina mamlaka ya kusitisha ujenzi usio na kibali na kuamuru ubomolewe kwa gharama ya mwenye nao. Anayefika mwenyewe ofisini na nyaraka zake anatoa nafasi ya mstari wake kukaguliwa kabla malalamiko hayajafika. Ukuta ukionekana kuwa ndani ya mipaka na haukuziba njia wala maji, mmiliki ataelekezwa namna ya kuyakamilisha maombi yake. Ukiwa umevuka, ni heri kujua leo, wakati ni mita chache za ukuta, kuliko baada ya kuongeza geti, lipu na rangi.

Anayetaka uzio wa michongoma au wa miti naye aupande ndani ya mpaka wake, akikumbuka kwamba mti hunenepa na matawi hutambaa. Mstari ni ule ule, uwe wa tofali au wa majani.

Mwenye kiwanja anayekusudia kujenga mwaka huu anaombwa afanye mambo matatu kabla ya kumwita fundi: azione alama zake za mipaka kwa macho yake, aulize ofisi ya mipango miji njia na mtaro wa eneo lake vinapita wapi, na awaambie majirani zake siku atakayoanza. Uzio humpa mtu sitara na usalama nyumbani kwake, na hiyo ni haki yake. Kibali ni njia ya kuhakikisha kwamba sitara ya mmoja haiwafungi wengine nje, na kwamba ukuta uliojengwa kwa jasho hautakuja kuvunjwa kwa machozi.